Kadi ya Dorkasi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee Methusela wa Hombolo hakuwa na subira ya wahenga. Anselmi na mkewe Emilia walipofika kwenye shamba lake la zabibu wakitokea Burundi, aliwapa jembe siku ileile, kabla ya maji ya kunywa, na mwaka wa tatu sasa walikuwa bado wamelishika. Wenyeji waliokuja kupogoa walilipwa elfu nane kwa siku. Anselmi, ambaye mkasi wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wote, alihesabiwa elfu nne, na hizo alizipata mwisho wa msimu, zabibu zikishauzwa. Methusela alikuwa akimwambia ashukuru, maana elfu nne nyingine ni za kufungia watu midomo. Watu gani, hakuwahi kusema.

Vibali hawakuwa navyo. Walipoulizwa walisema ni Waha wa Kasulu, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, aliyeuliza aliridhika, au alijifanya kuridhika. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi, mradi asiugue, asigombane na mtu, na asizae. Mwaka huo Emilia alikuwa mjamzito.

Alifika miezi saba hajakanyaga kliniki hata mara moja, na haikuwa kwa uzembe. Zahanati ilimtaka mjamzito aje na mumewe, wote wawili wataje majina yao, kitongoji chao na mwenyekiti wao, na asiye na mume alete barua ya mtendaji wa kijiji. Mtendaji, Filipo, alikuwa mtu mwema mwenye daftari, na Emilia alikuwa amejifunza kuwaogopa watu wema wenye daftari kuliko walevi wenye marungu. Mwaka juzi alizalia kwenye kibanda chao pale shambani, juu ya magunia, mtoto akatoka kimya. Anselmi alimzika kwenye kona ya shamba. Safari hii Emilia alikuwa amejiapia kwamba huyu hatazaliwa juu ya gunia, hata kama itabidi aibe kitanda cha hospitali.

Hakulazimika kuiba. Kilikuja kwa kuazimwa.

Aliyemwazima alikuwa Dorkasi, jirani yao, Mgogo wa palepale, mke wa Kefa. Nyumba yake ilipakana na mistari ya mwisho ya mizabibu, na Kefa alikuwa kazini kwenye ujenzi wa barabara huko Katavi, akirudi mara moja au mbili kwa mwaka. Wanawake hao wawili walishika mimba karibu pamoja. Ya Dorkasi, ambayo ilikuwa ya tatu, ilitoka mwezi wa sita, kama zile mbili zilizotangulia. Emilia ndiye aliyemshika kiuno siku ile, akafua nguo, akachimba nyuma ya nyumba. Dorkasi alimwomba asimwambie mtu. Aliendelea kuvaa sweta lake kubwa, na kwa upepo ule wa Dodoma wa mwezi wa sita na wa saba hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Mwezi wa nane alikuja kibandani na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hii imelala tu," alisema. "Tarehe zetu zilipishana wiki tatu. Nenda nayo wewe."

"Kwa jina lako?"

"Jina halina damu. Ukishajifungua salama utanirudishia."

Hapa nani angemkubali, Emilia aliuliza, wakati nesi wa zahanati anamjua Dorkasi tangu wakicheza kombolela. Dorkasi alikuwa ameshafikiri. Wangekwenda wote mjini, Nkuhungu, kwa dada yake Loisi, na kwenye hospitali ya mjini hakuna anayemjua mtu. Emilia alilia kwa shukrani. Alimshika Dorkasi miguu, akamwambia Mungu wa kwao na Mungu wa hapa wote wameona. Dorkasi alimwinua akasema aache, asije akajifungua hapohapo.

*

Kwa Loisi walikaa wiki saba. Emilia alijifunza kuwa Dorkasi kama mtoto anavyojifunza sala: umri miaka thelathini na moja, mume Kefa, kitongoji fulani, mwenyekiti fulani, mimba ya tatu. Loisi alikuwa akimshtukiza akiwa anaosha vyombo, anaita, "Dorkasi!", na kila mara aliyegeuka kwanza ni Dorkasi mwenyewe. Walicheka sana kwa hilo.

Hospitalini nesi aliita jina mara tatu, mara ya tatu kwa ukali, ndipo Emilia akakumbuka kuwa ni yeye. Nesi alimwambia kama uchungu umemziba masikio basi bado hajaona kitu. Saa tano asubuhi, juu ya kitanda cha chuma chenye godoro, mtoto wa kiume alitoka akipiga kelele mpaka wodi nzima ikacheka. Emilia hakujali tena aliitwa nani. Alimwinamia sikioni akamwita Irakoze, ambalo kwa lugha yao ni kumshukuru Mungu, na akaona jina limemtosha.

Anselmi alikuja kesho yake na fulana yake ya shambani, ameomba ruhusa ya kwenda kununua dawa ya mizabibu. Alimshika mwanawe kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitu cha watu akichunge. Kisha Loisi alimwonyesha tangazo la kizazi walilopewa wakati wa kuruhusiwa, karatasi yenye mhuri. Anselmi alilisoma polepole. Mama: Dorkasi. Baba: Kefa.

Kwanza alicheka. Alisema kumbe amekuja kumsalimia mtoto wa jirani. Baadaye kidogo aliacha kucheka, akauliza kama inaweza kubadilishwa.

"Ukienda kubadilisha," Loisi alisema, "swali la kwanza ni wewe nani."

Hilo hawakuwa wamelifikiri. Waliona kadi ni kama tiketi ya kuingilia tu, ukishapita mlangoni kazi yake imekwisha. Nani angewaambia kwamba hospitali ikishaandika, mtoto anaifuata kadi wala haifuati mimba? Kule walikotoka mtoto ni wa aliyeonekana na tumbo. Dorkasi aliwatuliza. Alisema karatasi ile ni bahati, ni kinga: mtoto ana chanjo, ana haki zake, kesho ana shule, na wao mama na baba wanajulikana na Mungu. Yote hayo yalikuwa kweli. Ndiyo maana hakuna aliyebisha.

*

Walirudi Hombolo kwa bajaji. Barabara ilikuwa na mashimo na Emilia alikuwa ameshonwa, kwa hiyo Dorkasi alisema, nipe nikushikie, na walipofika senta ndiye aliyeshuka na mtoto. Wauza nyanya wakapiga vigelegele. Mbukwa, mama, walimsalimu kwa Kigogo, hongera, kumbe ulikwenda kujifichia mjini. Dorkasi alisimama katikati yao na mtoto kifuani, uso wake umefunguka kwa furaha ambayo Emilia hakuwa amewahi kumwona nayo. Hakusema ni wake. Hakusema si wake. Alisema ahsanteni, akapokea nyanya za bure. Mama mmoja alimuuliza Emilia na wa kwake yuko wapi, na kabla hajajibu Dorkasi alimshika mkono akamwongoza, akasema mwacheni, hali yake si nzuri.

Jioni ile mtoto alirudi kibandani akanyonya akalala, na Emilia alijiambia senta ni senta na nyumbani ni nyumbani.

Lakini mtoto hupimwa uzito kila mwezi, na zahanati ilimjua Dorkasi ni nani. Kwa hiyo kila mwezi Dorkasi alimwogesha, akampaka mafuta, akambeba mgongoni kwa kitenge chake kizuri, na Emilia alibaki kwenye mistari ya mizabibu akifunga matawi na kutazama njia. Waliporudi aliambiwa. Kilo nne na nusu. Kilo tano na robo. Nesi amesema nyonyesha vizuri hivyohivyo. Emilia alishukuru, na kila aliposhukuru alijuta, kwa sababu mtu hashukuru kuambiwa habari za mwanawe mwenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wazee, na yeye alianza kuhisi upepo.

*

Siku nne kabla ya Krismasi Dorkasi alikuja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakusalimia. Alisema Kefa anakuja.

Emilia alisema na akaribie, ni furaha.

"Sikumwambia," Dorkasi alisema.

"Hukumwambia nini?"

"Kwamba ilitoka."

Ndipo yote yalipomwagika. Mama yake Kefa alikuwa amekwisha kusema kwamba hii ya tatu ikiharibika, kijana wake atafutiwa mwanamke mwenye tumbo la kushika. Mwezi wa sita Dorkasi alikusudia kumwambia mumewe kwa simu, akashindwa. Mwezi wa saba akashindwa. Mwezi wa kumi Kefa alimtumia pesa za uzazi, na Dorkasi akamtumia picha ya mtoto. Emilia alimsikiliza, na taratibu akaelewa sweta, akaelewa Nkuhungu, akaelewa wiki saba kwa Loisi ambazo zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja kujifungua. Kadi ile haikuja kibandani kwa huruma peke yake. Lakini huruma nayo ilikuwamo, na hilo ndilo lililomfunga mikono.

"Wiki mbili tu," Dorkasi alisema. "Nilikuazima kadi, na wewe niazime mtoto. Akishaondoka nitamwandalia maneno. Nitamweleza polepole."

Anselmi alikataa katakata. Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa lugha yao, nani anaazima mtoto kama sufuria. Emilia alimuuliza: na Dorkasi akikasirika akaenda kwa Filipo? Dorkasi hakuwa amesema neno la vitisho, wala asingesema. Ila mtu asiye na karatasi hasubiri kutishwa. Hujitisha mwenyewe, halafu hutii.

Kefa alikuja na begi la nguo za mtoto na kuku watatu. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye mikono iliyopasuka kwa lami, na alimshika yule mtoto, machozi yakimtiririka bila haya. Dorkasi alikuwa amemwambia kwamba alipata jipu la ziwa, maziwa yakakauka, na kwamba Emilia anamsaidia, ni yaya, ana maziwa kwa kuwa wa kwake alifariki.

Kefa alimwita Emilia sebuleni ili amshukuru. "Pole sana, mama," alisema. "Dorkasi kaniambia. Alikuwa wa kiume?"

Emilia alimtazama mwanawe kwenye magoti ya Kefa. Alimkumbuka yule wa kona ya shamba, akajaribu kumjibia huyo.

"Wa kiume," alisema. "Alifariki."

"Mungu atakupa mwingine." Kefa akampa sabuni mche mmoja na elfu kumi.

Emilia alitoka nje akasimama nyuma ya choo, akatema mate mara nyingi, maana kumtamkia kifo aliye hai ni kumwitia kifo kwa jina. Kisha aliitwa arudi, mtoto analia njaa.

Siku ya Krismasi Kefa alimpeleka mtoto kanisani akaombewa na kupewa jina la Joshua. Wali ulipikwa. Filipo mtendaji alikula sahani mbili, akamsifu mtoto kwa kufanana na babu yake Kefa, masikio hasa. Emilia aliosha vyombo pamoja na wanawake wengine, kila baada ya muda akiitwa chumbani kunyonyesha, mlango ukifungwa. Anselmi hakuja. Alisema ana kazi shambani, na kweli alikuwa nayo: alipogoa mistari miwili siku ya sikukuu, peke yake.

*

Kefa aliondoka baada ya mwaka mpya na mtoto akarudi kibandani. Ila sasa alirudi kama mgeni. Mara Dorkasi amechelewa kumleta. Mara amelala, tusimwamshe. Mara mama mkwe amekuja kumwona, atalala huku siku mbili. Emilia alikwenda kunyonyesha kwenye nyumba ya watu na kurudi mikono mitupu. Watu walimwita yaya barabarani na aliitika.

Siku moja alimuuliza Dorkasi kama amekwisha kumwambia Kefa. Dorkasi alisema bado, simu ni kitu kibaya cha kusemea jambo kama hilo. Emilia alisema hawakukubaliana hivyo. Dorkasi aliinama akaanza kulia, akasema anajua, anajua, kila asubuhi anaamka akijua, kisha mtoto akimcheka anasahau. Wakalia wote wawili huku mtoto akiwatazama kwa zamu. Walipendana, na hilo halikusaidia kitu.

Anselmi alikuwa na mpango mmoja tu. Mavuno yalikuwa yanaanza. Zabibu zikiuzwa, Methusela atawalipa msimu mzima, zaidi ya laki tatu, na siku hiyohiyo watamchukua mtoto wao na kuondoka kwenda Kahama, ambako kuna watu wa kwao na hakuna anayemjua Kefa. Huko mtoto atakuwa Irakoze, mwana wa Anselmi, na karatasi ya hospitali watawashia moto. Emilia alihesabu siku kwa makreti. Yalijaa sitini, yakajaa mia, gari la mnunuzi likaja na kuondoka. Methusela aliwaambia pesa kesho.

Kesho yake asubuhi waliokuja ni maofisa wa uhamiaji. Shambani waliwakuta wanaume saba wasio na vibali, Anselmi akiwamo, na wote saba hawakuwa wamelipwa. Nani aliyepiga simu hakuna ajuaye, na Methusela alikuwa amesafiri alfajiri kwenda kwenye msiba ambao haukusikika popote.

*

Emilia hakuwapo shambani. Alikuwa kwa Dorkasi akinyonyesha, na Dorkasi, ambaye mtu angemdhania mengine, alimsihi ajifiche chumbani mpaka jioni. Kisha alikwenda kisimani kuwapeleleza watu wanasema nini. Emilia alikaa akiwaza kwamba Anselmi atapandishwa gari na fulana ile yenye dawa ya mizabibu, mbele ya watu, bila kitu tumboni. Alimfunga mtoto mgongoni. Alipita kibandani, akachukua shati la mumewe, ugali wa asubuhi, na ule mfuko wa nailoni wenye kadi na tangazo, kwa kuwa Dorkasi alikuwa amesema ni kinga. Akaenda ofisi ya kijiji kwa miguu yake mwenyewe.

Ndani walikuwamo wawili mezani. Mmoja alikuwa Filipo na daftari lake. Mwingine aliitwa Gerson, afisa wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na macho ya mtu ambaye hakuipenda asubuhi ile. Wanaume saba walikuwa wameketi chini, nje, kwenye kivuli cha ukuta. Filipo alimweleza mwenzake kwamba huyu ni yaya wa mama mmoja hapa, na ni mke wa yule wa mwisho pale.

"Na mtoto?" Gerson aliuliza.

"Wangu," Emilia alisema.

Aliombwa karatasi akatoa mfuko. Gerson alisoma tangazo, akasoma kadi, akamuuliza kama yeye ndiye Dorkasi. Filipo alicheka kwa upole. Dorkasi anamjua, alisema, wanasali kanisa moja. Mtoto ni Joshua wa Kefa, kaombewa siku ya Krismasi, yeye mwenyewe alikula wali. Huyu wa kwake alifariki, maskini, labda akili haijatulia. Akamtuma mgambo akamwite Dorkasi.

Gerson alimsogezea Emilia kiti. Alikuwa ameona blauzi yake, maziwa yamelowesha upande mmoja, na alitazama kando kwanza kabla ya kusema.

"Mama, nisikilize. Kama mtoto ni wako, basi karatasi hii ni ya uongo, na aliyekupa jina lake atashtakiwa pamoja na wewe. Mtakwenda mahabusu, wewe na mtoto mgongoni, mpaka kesi iishe. Itaisha lini sijui, mimi si hakimu. Kama mtoto si wako, mnapanda gari leo, mnavushwa mpaka, basi. Usinijibu sasa. Kampe mumeo shati."

Emilia alitoka. Alichuchumaa mbele ya Anselmi akamvua fulana, akamvisha shati kama mtoto. Alimweleza yote kwa lugha yao. Wote wawili walimjua mwanamke mmoja wa kwao aliyeingia mahabusu na mapacha mwaka uliopita, na walijua alitoka na wangapi.

"Sema ni wetu," Anselmi alisema. "Tutafungwa wote, tutatoka wote."

"Sisi tutatoka," Emilia alisema.

Anselmi alinyoosha mkono nyuma ya mgongo wa mkewe akaushika mguu wa mtoto, ule mdogo, uliokuwa unaning'inia. Aliushika mpaka mgambo alipomwambia aachie.

Dorkasi alikuja mbio, kichwa wazi, kanga imemdondoka njiani. Alisimama mlangoni. Alimwona Emilia, akamwona Filipo, akaona karatasi mezani, akaelewa. "Afande," alianza, "huyu mtoto..." Alikuwa na nafasi ya kumalizia. Neno lililobaki lilikuwa moja na lote lilikuwa kinywani mwake. Anayetaka kumlaumu na amlaumu, ila kwanza auhesabu mwaka ule aliokuwa ametoka kuuishi. Hakumalizia.

Emilia alimmalizia. "Mama Joshua," alisema, "nisamehe, nimechelewa kumrudisha."

Alifungua mbeleko. Akamhamishia Dorkasi mtoto mikononi, akamrekebisha kichwa, akasema kwa sauti ya kazi, sauti ya yaya anayemwachia mwenye nyumba maagizo, kwamba hapendi kulalia ubavu wa kushoto, akikohoa apigwe mgongoni taratibu, uji uwe mwepesi kwanza, na ziwa akililia sana apewe kidole. Dorkasi alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa. Mtoto alimnyooshea mikono Emilia. Emilia aliitazama, akarudisha yake nyuma ya mgongo.

Kila aliyekuwa pale alikuwa amesikia kanisani habari za wanawake wawili mbele ya mfalme Suleimani, na jinsi yule aliyemwachia mwenzake mtoto ndiye aliyepewa. Lakini Suleimani hakuwa na fomu za kujaza, na Gerson alikuwa nazo tatu. Alizijaza. Kazi: yaya. Alipofika hapo kalamu ilisimama.

"Umemfanyia kazi huyu mama muda gani?"

"Tangu mtoto azaliwe."

"Miezi minne na zaidi. Alikulipa?"

Emilia alimtazama Dorkasi. Gerson aliweka kalamu chini. Asubuhi nzima alikuwa amesikiliza wanaume saba waliolimishwa msimu mzima bila senti, na mwenye shamba hakupatikana. Huyu mwajiri wa pili alikuwa amepatikana. Alimgeukia Dorkasi, sauti yake bado ya taratibu. Kumwajiri mgeni asiye na kibali ni kosa, alisema, na angeweza kumwandikia. Hatamwandikia. Lakini huyu mama haondoki hapa amedhulumiwa. Filipo aliulizwa yaya hulipwa ngapi hapa kijijini, akasema elfu arobaini kwa mwezi. Laki moja na sitini, basi.

"Sitaki," Emilia alisema.

"Ni haki yako," Gerson alisema. "Usiogope."

Dorkasi alikwenda nyumbani na mtoto mgongoni, akarudi na pesa alizotumiwa na Kefa. Aliziweka mezani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umemshika mtoto aliyekuwa akilia, na kwa kilio hicho maziwa ya Emilia yalitoka yenyewe yakashuka mpaka kiunoni. Hakuyafuta. Gerson alihesabu noti, akamhesabia tena Emilia moja moja, akazifunga kwa mpira, akamwekea kiganjani. Kisha alichukua karatasi nyeupe akaandika kwa mwandiko mzuri, akamsomea: Mimi, Emilia, nimepokea kutoka kwa Dorkasi shilingi laki moja na sitini elfu kwa malezi ya mtoto Joshua Kefa, na sina dai lingine.

Emilia aliomba asomewe tena. Akasomewa tena. Akauliza kama ni lazima.

"Ni kwa faida yako," Gerson alisema, "ili baadaye mtu asije akakugeuka."

Akampa kalamu, akamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi, na Emilia akatia.